HOSPITALI SI MAHAKAMA

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Maana yake ni kuwa binadamu angali safarini, na hajui kesho itamfungulia mlango gani. Nimeuweka msemo huu mbele ya insha yangu kwa sababu watu nitakaowazungumzia wamehukumiwa kabla ya kusikilizwa, tena wamehukumiwa mahali ambapo hakuna hakimu wala wakili. Mahali penyewe ni hospitalini.

Mpenzi msomaji, si mara ya kwanza kusoma habari za UKIMWI katika kurasa kama hizi. Tumeshaambiwa kuwa gonjwa hili halina tiba ya kuliondoa kabisa mwilini. Tumeshaonywa tujihadhari, tumekariri mashairi juu yake, na kwenye tamasha za drama tumeona mwigizaji akikonda jukwaani hadi akafa huku mama yake akilia. Yote hayo ni sawa. Hata hivyo, ni nadra kuuliza swali hili: yule ambaye tayari anaishi na virusi, siku anapougua au kuumia, anapokewaje na wale waliosomea kumtibu?

Swali hili lilinijia likizo ya Agosti mwaka 2024, nikiwa kidato cha pili. Mama yangu mdogo alijikata kwa jembe mguuni akipalilia mahindi. Kidonda kilikuwa kirefu na damu ilikuwa haikatiki. Tulimfunga leso, tukamwita mtu wa bodaboda, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nyumbani, nikapanda nyuma yake kumshikilia hadi hospitalini. Sitaitaja hospitali hiyo wala mtaa wetu. Mama mdogo aliniruhusu niyaandike haya kwa sharti moja, kwamba asijulikane, nami ahadi kwangu ni deni.

Tulifika saa mbili asubuhi. Tulinunua kitabu, tukaandikisha, tukaambiwa tukae kwenye benchi. Laini haikuwa ndefu, na mtu anayevuja damu kwa kawaida hutangulizwa. Muuguzi mmoja akatoka kuchukua maelezo. Alimwuliza mama mdogo umri wake, ameumia saa ngapi, na mwisho akamwuliza:

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

Mama mdogo hakusita. Aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo, sista. Natumia dawa za kupunguza makali."

Yule muuguzi aliacha kuandika. Akarudi nyuma hatua moja, akainua sauti kumwita mwenzake aliyekuwa chumba cha pili: "Huyu mama wa mguu ni wa ile kliniki ingine! Mwacheni mpaka mwisho, tushone hawa wengine kwanza." Kisha akamgeukia. "Na wewe mama, toa mguu hapo, usitumwagie damu kila mahali."

Kila mtu alisikia. Mzee aliyekuwa ameketi karibu nasi alikumbuka ghafla kwamba anataka kusimama. Mama mmoja alimvuta mtoto wake akamkalisha upande wa pili. Benchi iliyokuwa imejaa ikabaki na watu wawili, mimi na mama mdogo. Hakulia. Alikaza leso kwenye kidonda akatazama sakafu. Waliokuja baada yetu waliitwa wakaingia wakatoka: kijana aliyeumwa na mbwa, fundi aliyekatwa na bati, msichana aliyeanguka kwenye baiskeli. Saa sita ikapita, na saa saba pia.

Karibu saa nane wauguzi walibadilishana zamu. Akaja mama mtu mzima, miwani puani. Alitazama kile kitabu, akatutazama sisi, akauliza, "Nyinyi mko hapa tangu saa mbili?" Hakungoja jibu. Alimshika mama mdogo mkono, akamwingiza ndani, akavaa glavu jozi moja kama alivyofanya kwa kila mtu, akaosha kidonda na kukishona. Alipomaliza alisema, "Pole sana, mama. Umekaa sana. Urudi tuangalie nyuzi." Hiyo ndiyo dawa ya kwanza aliyopata siku hiyo, na haikutoka kwenye chupa.

Nimeeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake mna fumbo. Kwenye benchi ile, ni nani aliyekuwa na hatari kubwa zaidi kwa muuguzi? Mama mdogo anajijua. Anameza dawa zake kila siku, na kipimo cha mwisho kilionyesha kuwa virusi katika damu yake vimepungua hadi havionekani. Yule kijana wa mbwa, yule fundi na yule msichana, hakuna aliyewauliza kama wamewahi kupimwa. Huenda hawana virusi. Huenda mmoja wao anavyo na hajui, na asiyejua hatumii dawa, na virusi vyake vina nguvu zote. Basi ikawa kwamba aliyesema ukweli aliadhibiwa na wasioulizwa wakahudumiwa. Je, siku nyingine mama mdogo akiulizwa swali lile lile, unadhani atajibu nini?

Ndiyo maana wataalamu walitunga kanuni tangu miaka ya 1980: mhudumu wa afya aichukulie damu ya kila mgonjwa kana kwamba ina maradhi. Glavu ni za kila damu. Sindano iliyotumika hutupwa katika sanduku lake salama, iwe imemchoma askofu au mlevi. Ukiifuata kanuni hii huhitaji kumtenga yeyote, kwa sababu umejikinga na wote. Muuguzi wa zamu ya pili hakuwa shujaa. Alikuwa akifanya kazi yake jinsi alivyofundishwa.

Tukumbuke pia tulikotoka. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1981. Virusi vyenyewe viligunduliwa mjini Paris mwaka 1983. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984. Miaka ile hofu ilikuwa na sababu, maana dawa haikuwepo na watu walikufa kama majani ya kiangazi. Ilimbidi Diana, mke wa mwana wa malkia wa Uingereza, aingie wodi ya London mwaka 1987 na kumpa mgonjwa mkono bila glavu, mbele ya kamera, ili dunia iamini kuwa kushikana mikono hakuambukizi. Hapa kwetu, Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999.

Lakini siku zimesonga. Tangu mwaka 1996 ilipobainika kuwa dawa zikichanganywa huvidhibiti virusi, mambo yaligeuka. Leo mgonjwa wa kawaida humeza kidonge kimoja kwa siku. Akimeza bila kukosa hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hawezi kumwambukiza mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama mjamzito akitibiwa vyema huzaa mtoto asiye na virusi. Na muuguzi akichomwa kwa bahati mbaya na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama mara tatu katika ajali elfu moja. Hata hizo tatu zina kinga: akianza dawa maalumu kabla ya saa 72 kupita, na kuzimeza siku 28, hatari hupungua mno. Kwa hiyo hofu ya 1984 haina nafasi katika hospitali ya leo. Anayeibeba hajui, au anajua lakini ana jambo lingine moyoni.

Jambo hilo lingine ndilo lililonipa kichwa cha insha hii. Ni hukumu. Wengi wakisikia mtu ana virusi, swali la kwanza ni, "Aliupata wapi?" Mtu aliyevunjika mguu haulizwi alikuwa akienda wapi gari lilipopinduka. Mwenye malaria haulizwi kwa nini hakulala ndani ya neti. Huyu wetu lazima ajieleze. Sitawaambia mama yangu mdogo aliambukizwa vipi. Nikiwaambia aliletewa na mume wake, mtamhurumia. Nikiwaambia vingine, huruma itapungua. Kidonda cha jembe kilikuwa kile kile, na uzi wa kukishona ni ule ule. Huruma inayoanza kwa kuuliza maswali si huruma, ni kesi.

Unyanyapaa wa hospitalini una sura nyingi, na si zote zenye kelele. Kuna faili iliyotiwa alama ya wino mwekundu ili kila karani aijue. Kuna daktari anayeandika dawa bila kumgusa mgonjwa wala kunyanyua macho. Kuna glavu jozi mbili kwa kupima joto tu. Kuna mtu kupimwa virusi bila kuombwa ruhusa, na matokeo yakapewa shemeji yake kabla yake mwenyewe. Kuna mama mjamzito anayeambiwa, "Na wewe ukijua hali yako bado unazaa?" Na kuna makubwa kuliko hayo. Mwaka 2014 wanawake wa Kenya wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba walifungwa kizazi bila ridhaa yao walipokwenda kujifungua. Walingoja miaka mingi. Mnamo Desemba 2022 mahakama iliamua kwamba mmoja wao alivunjiwa haki zake, na akapewa fidia. Ila fidia haizai mtoto.

Hata waliovaa sare nyeupe wenyewe hawajaepuka. Bi. Asunta Wagura alikuwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka 1987 alipopimwa akakutwa na virusi. Badala ya kutunzwa na watu wa kazi yake, alifukuzwa masomoni na kuambiwa kwamba siku zake zinahesabika. Hakufa. Alikuja kuwa kiongozi wa chama cha wanawake wanaoishi na UKIMWI nchini, akazaa watoto, akaandika maisha yake gazetini kwa miaka mingi. Jiulize ni wagonjwa wangapi wangehudumiwa na muuguzi kama yeye, anayejua kitanda cha mgonjwa kina baridi gani. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Matokeo ya haya yote ni nini? Kwanza ni kujificha. Baada ya siku ile ya mguu, mama mdogo aliacha kuchukua dawa zake katika hospitali hiyo. Akahamia mji mwingine ambako hajulikani, matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Mwezi ambao nauli haikupatikana, dawa nazo zilisubiri. Na dawa hizi hazipendi kusubiri. Ukiziruka ruka, virusi huzizoea na kuzishinda nguvu. Kwa hiyo neno moja la muuguzi mlangoni linaweza kufanya kazi ambayo virusi vyenyewe vilikuwa vimeshindwa kuifanya kwa miaka.

Pili ni hila za kujistiri. Vidonge hivi hutolewa katika mkebe wa plastiki, na ukitembea nao vinalia kama kayamba. Wanaovitumia wanaujua mlio huo kuliko sisi tunavyoijua kengele ya chakula. Wengine hutia pamba ndani ili visilie. Wengine huvimwaga kwenye karatasi na kuutupa mkebe chooni kabla ya kufika nyumbani. Fikiria mtu anatoka hospitalini akiwa na uhai wake mfukoni, na shughuli yake ya kwanza ni kuunyamazisha.

Tatu ni kwamba wengine, wakiyaona haya, hukataa kupimwa. Husema, "Heri nisijue." Mficha maradhi kifo kitamfichua, ndivyo tunavyosema. Lakini tusimlaumu mficha maradhi peke yake. Tumwulize pia aliyemfanya afiche.

Lazima niseme neno la haki kuhusu wauguzi na madaktari. Kazi yao ni ngumu. Muuguzi mmoja huenda akawa na wodi nzima usiku, glavu zimekwisha, mshahara umechelewa, na watu wanampigia kelele pande zote. Mchovu husema ovyo. Haya nayajua, na walio wema ni wengi kuliko tunavyowasifu, yule mama wa miwani akiwa mmoja wao. Ila uchovu haumchagui mgonjwa. Mchovu angeliwafokea wote. Anayemfokea mmoja tu, baada ya kusoma kitabu chake, ametumia nguvu zake zilizobaki kuchagua.

Tena sheria ipo. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 inakataza mtu kunyimwa matibabu au kutozwa ada zaidi kwa sababu ana virusi au anashukiwa kuwa navyo. Inakataza kumpima mtu kwa lazima na kuitoa siri yake. Sheria hiyo hiyo iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi za namna hii, na mtu anaweza kufikisha malalamiko yake huko. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 27, imetaja hali ya afya miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo. Kwa hiyo yule aliyepiga kelele mlangoni hakuvunja adabu peke yake, alivunja sheria. Tatizo ni kwamba aliyekaa kwenye benchi hajui, na hata akijua, kushtaki ni kujitangaza mara ya pili.

Kuna jambo lingine la kufikiria. Kwa miaka mingi wanaoishi na virusi walihudumiwa katika kliniki zao peke yao. Zilikuwa na uzuri wake, kwani wahudumu walifunzwa vyema na wagonjwa walijuana na kutiana moyo. Zilikuwa pia na ubaya, maana mlango wenyewe ulikuwa tangazo. Ukionekana unaingia pale, kijiji kizima kimepata habari kabla ya jioni. Mwaka 2025, msaada wa Marekani uliposimamishwa ghafla, serikali ilianza kuziunganisha kliniki hizo na huduma za kawaida. Mlango wa peke yake ukiondoka ni vizuri. Lakini ikiwa wanahamishiwa kwenye benchi ile niliyoketi mimi, mbele ya muuguzi yule yule, basi tutakuwa tumewatoa kwenye moshi tukawatia motoni. Kabla ya kubomoa ukuta wa mawe, tubomoe ule wa mioyoni.

Sasa nije kwetu, wanafunzi wenzangu, maana nyani haoni kundule. Mwaka 2004 Makao ya Watoto ya Nyumbani yalilazimika kwenda mahakamani Nairobi kwa sababu shule za umma zilikuwa zikiwakataa watoto wenye virusi. Siku hizi watoto waliozaliwa na virusi wanasoma kama sisi, wanakua, wanafika kidato cha nne na kupita. Si ajabu katika shule yoyote ya bweni yuko mmoja au zaidi. Anatafuta mahali pa kumezea kidonge taa zinapokaribia kuzimwa. Akienda zahanati ya shule kila mara, tunaanza kuhesabu. "Huyu naye anaumwa nini kila wiki?" "Mbona matroni anamwita pembeni?" Tunasema kwa mzaha, lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Zahanati ya shule nayo ni hospitali, na sisi tulio kwenye laini yake ndio watu wa lile benchi.

Ombi langu ni dogo. Ukiona mwenzako anameza dawa, usiulize ni ya nini. Ukisikia mkebe unalia ndani ya sanduku, usisikie. Ukiletewa siri ya mtu, iishie kwako. Na walimu wetu, ruhusa ya kwenda kliniki itolewe bila mwanafunzi kujieleza mbele ya darasa zima.

Kisha najua wengi wetu, tukiulizwa tutakuwa nani, husema daktari au muuguzi. Ni kazi ya heshima. Lakini alama za Biolojia na Kemia hazitatosha. Siku utakapovaa lile koti jeupe, atakuja mbele yako mtu mwenye kidonda, nawe utamwuliza anatumia dawa gani. Atakutazama usoni kwanza kabla ya kujibu, kuona kama anaweza kukuambia ukweli. Akikuambia, ujue amekukabidhi maisha yake. Andika ulichoambiwa, vaa glavu zako jozi moja, ushone kidonda. Hakuna kesi ya kusikiliza hapo.